Kundi unaloanzia mbio za baiskeli ni suala la afya, si la heshima tu

Msomaji wangu, kama umewahi kujiandikisha katika mbio za baiskeli za watu wengi, utakuwa umeona kwamba fomu haiishii kwenye jina na umri. Inauliza pia unatarajia kumaliza kwa muda gani, au ulipata matokeo gani katika mbio zilizopita. Wengi hujaza sehemu hiyo harakaharaka, na baadhi huongeza chumvi kidogo ili wapangwe mbele.

Wiki hii tuitazame sehemu hiyo ya fomu kwa jicho la kitabibu. Jibu unaloandika pale linaamua utaendesha karibu na nani, kwa kasi gani, chini ya jua la saa ngapi, na wakati mwingine kama utarudi nyumbani ukiwa mzima.

Suala hili linatugusa zaidi sasa. Septemba 2025, Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Kanda ya Ziwa, ambako baiskeli ni usafiri wa kila siku, mbio hizi ni burudani ya siku nyingi. Wapo pia wafanyakazi wa ofisini wa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam wanaonunua baiskeli ili kupunguza uzito, na baada ya miezi michache wanatamani kuvaa namba kifuani. Ni jambo jema. Hata hivyo, bado zipo mbio ambazo filimbi ni moja na mstari ni mmoja: mkali na mgeni, kijana na mzee, wote wanaondoka pamoja.

Mfano wa Cape Town

Mbio za ridhaa zinazotoa funzo zuri zaidi Afrika ni za Cape Town, Afrika Kusini. Zilianza mwaka 1978 zikiwa na washiriki mia kadhaa waliotaka jiji liwajengee njia za baiskeli. Leo Cape Town Cycle Tour ni safari ya kilomita 109 kuzunguka Rasi, na imewahi kupokea washiriki wapatao 35,000 kwa siku moja.

Fanya hesabu ndogo. Barabara ikibeba baiskeli nane kwa upana, na kila baiskeli ikachukua mita mbili kwa urefu, watu 35,000 wakisimama pamoja watatengeneza foleni ya karibu kilomita tisa. Mshindi hutumia takriban saa mbili na nusu, yaani wastani wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Wa mwisho anaruhusiwa hadi saa saba, yaani chini ya kilomita 16 kwa saa. Huwezi kuwaweka watu hawa wawili bega kwa bega ukategemea wafike salama.

Kwa hiyo huondoka kwa makundi, moja baada ya jingine, kwa vipindi vya dakika chache. Wa kwanza huanza alfajiri na wa mwisho huondoka saa kadhaa baadaye. Kila baiskeli au namba hubeba chipu inayorekodi muda wa mshiriki kuanzia anapovuka mstari yeye mwenyewe, si filimbi ya kwanza ilipolia. Anayeanza nyuma haibiwi hata dakika moja kwenye saa.

Kundi unalopangiwa hutokana na matokeo yako katika mbio zinazotambuliwa. Kwa lugha rahisi, muda wako hulinganishwa na muda wa wakali wa siku ile, na matokeo yanavyozeeka ndivyo yanavyopoteza uzito. Asiye na matokeo yoyote huanzia nyuma. Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kudharauliwa. Kabla hujakubaliana nao, tuangalie kinachotokea mwilini na barabarani.

Kwa nini kundi lina nguvu kuliko mtu mmoja

Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye barabara tambarare ni hewa. Kadiri kasi inavyoongezeka, ndivyo hewa inavyokusukuma nyuma kwa nguvu inayopanda haraka kuliko kasi yenyewe. Ndiyo maana watu huendesha wakiwa wamebanana. Anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa robo ya nguvu zake au zaidi, kutegemea kasi na ukaribu.

Faida hii ina bei. Ili upate kivuli cha upepo, gurudumu lako la mbele lazima likaribie gurudumu la nyuma la mwenzako, mara nyingi chini ya mita moja. Kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde. Binadamu mwenye afya na aliye makini huhitaji walau robo sekunde kuona jambo na kuanza kulijibu. Katika robo sekunde hiyo umekwishasogea karibu mita tatu. Ukiwa umechoka au umeshtuka, unahitaji muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo usalama ndani ya kundi hautokani na breki. Unatokana na kila mmoja kufanya lile ambalo wenzake wanalitarajia: kushika mstari ulionyooka, kutofunga breki ghafla, kuonyesha shimo kwa mkono, kutochezacheza na usukani. Huo ni ujuzi wa kujifunza, na haununuliwi pamoja na baiskeli ya bei kubwa.

Jambo moja wageni hawalijui: magurudumu yakigusana, anayeanguka mara nyingi ni aliye nyuma. Gurudumu la mbele ndilo linaloongoza na kushika mizani. Likisukumwa pembeni, hakuna muda wa kulirudisha. Na nyuma ya aliyeanguka kuna wengine ishirini.

Aliyepangwa mbele kuliko uwezo wake

Chukua mtu wa miaka 42, mwenye miezi minne ya mazoezi, aliyeandika kwamba atamaliza kwa saa tatu ilhali uwezo wake ni saa nne na nusu. Filimbi inalia, kundi linaondoka kwa kasi, na yeye anafuata kwa sababu ya msisimko na aibu ya kuachwa.

Ndani ya dakika chache mapigo ya moyo wake yanakaribia kiwango cha juu kabisa. Misuli inatumia akiba ya sukari kwa pupa. Pumzi inakuwa fupi na miguu inawaka. Akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini hutosha kwa takriban saa moja na nusu hadi mbili za kazi nzito, lakini kwa mwendo huu inamalizika mapema zaidi.

Kinachotangulia kuharibika ni umakini. Mtu aliyechoka kupita kiasi huanza kutazama kitu kimoja tu, yaani gurudumu lililo mbele yake. Haoni tuta wala mwenzake anayehama kutoka kushoto. Shingo na mikono vinakakamaa, na kona aliyoizoea inamshinda. Hapo ndipo ajali huanzia, na mara nyingi haimwangushi yeye peke yake.

Akinusurika kuanguka, ataachwa. Sasa yuko peke yake kwenye upepo akiwa hana nguvu, huku makundi ya nyuma yakimpita pande zote mbili. Safari iliyopaswa kuwa ya furaha inageuka mateso ya saa tatu zilizobaki.

Aliyepangwa nyuma kuliko uwezo wake

Kosa la upande wa pili halizungumzwi sana. Mwenye uwezo wa kilomita 38 kwa saa akianza nyuma ya watu wanaokwenda 18, tofauti yao ni kilomita 20 kwa saa. Mtu aliye mita 50 mbele atamfikia ndani ya sekunde tisa. Atalazimika kufanya hivyo mara mamia, akipita watu wasiojua kwamba anakuja. Kila kumpita mtu ni nafasi moja ya kugongana.

Wapo wanaojishusha kwa makusudi ili waonekane hodari miongoni mwa wanyonge. Huo si ujanja. Ni sawa na kuendesha lori kwenye njia ya wapita kwa miguu.

Lakini wapo wasiojishusha kwa hiari, na hapa ndipo suala la haki linapokuja. Mfumo wa kupanga watu kwa matokeo ya mbio zilizopita unamfaa mwenye uwezo wa kulipa viingilio na nauli za mbio hizo. Kijana wa Khayelitsha mwenye miguu ya chuma, asiye na fedha ya kwenda kwenye mbio tatu za kutafuta nafasi, atapangwa na wanaoanza. Kwetu, kijana wa Shinyanga anayebeba mizigo kwa baiskeli kila siku anaweza kuwa na mapafu kuliko wote waliojiandikisha, lakini hana karatasi ya kuthibitisha.

Dawa si kufuta makundi. Dawa ni kuweka njia nyingine ya kuthibitisha uwezo: jaribio la muda la bure la kilomita 20 wiki kadhaa kabla ya mbio, likisimamiwa na klabu ya eneo husika. Haligharimu zaidi ya saa, daftari na barabara tulivu.

Wanawake na wenye umri mkubwa

Waandaaji wengine hupanga makundi kwa umri au jinsi pekee. Inaonekana ni haki, lakini kiusalama haitoshi. Ni kweli kiwango cha juu cha mapigo ya moyo hushuka kadiri umri unavyopanda, wastani wa pigo moja hivi kwa mwaka. Hata hivyo, mzee wa miaka 60 aliyeendesha maisha yake yote atamwacha mbali kijana wa miaka 30 anayetoka kwenye kiti cha ofisi. Barabarani, watu wanapaswa kupangwa kwa kasi na ujuzi. Zawadi ndizo zigawanywe kwa umri na jinsi, na chipu inafanya kazi hiyo bila taabu.

Wanawake wanaowania ushindi ni suala la pekee. Wakiondoka pamoja na wanaume, mshindi anaweza kuwa yule aliyepata kivuli cha upepo cha wanaume wenye nguvu, si aliye bora. Pia hujikuta wakisukumana na watu wazito na wenye pupa katika kilomita za kwanza. Ndiyo maana mbio nyingi kubwa sasa huwapa wanawake wa kundi la juu mwanzo wao wenyewe, wakiachiwa barabara iliyo wazi. Mwandaaji akikuambia jambo hilo ni gumu, muulize ugumu wa dakika kumi uko wapi.

Wa mwisho ndiye anayeungua na jua

Kuna jambo moja ambalo mimi naliona ni zito kuliko zawadi zote. Mfumo wa makundi huwaweka nyuma wanaoanza, wazito, wazee na wenye magonjwa ya muda mrefu. Watu hao hao ndio watakaokaa barabarani muda mrefu zaidi, na ndio watakaoendesha katika saa za joto kali.

Mkali anayeondoka saa 12 na nusu asubuhi anakuwa ameoga na kupata chai saa tatu na nusu. Anayeondoka saa tatu na nusu yuko katikati ya safari adhuhuri. Cape Town huongeza pia upepo wa kusini-mashariki, unaoitwa Daktari wa Rasi kwa imani ya zamani kwamba ulisafisha hewa chafu ya mji. Mwaka 2017 daktari huyo alivuma kwa nguvu iliyowang'oa watu kwenye baiskeli zao, na waandaaji wakafuta mbio siku hiyo hiyo. Ulikuwa uamuzi mgumu na sahihi.

Joto linapozidi uwezo wa mwili kujipoza, mtu huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu. Akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuyumba, huo ni mshtuko wa joto, na ni dharura. Mtoe juani, mpunguzie nguo, mmwagie maji baridi mwili mzima na mpepee huku msaada ukiitwa. Usisubiri gari la wagonjwa lifike ndipo uanze kumpoza.

Maji nayo yana pande mbili. Mwendesha baiskeli anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, na zaidi kukiwa na joto. Lakini anayekwenda polepole ana muda mwingi wa kunywa, na akinywa kupita kiasi chumvi ya damu hushuka. Profesa Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town alikuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza hatari hiyo kwa wanamichezo wa masafa marefu, katika miaka ya 1980. Dalili zake ni kuvimba vidole, kichwa kuuma, kutapika na hatimaye degedege. Kunywa unaposikia kiu, na usimalize mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza.

Haki ya kweli, basi, ni hii: meza ya maji ya mwisho iwe imejaa pale mtu wa mwisho anapofika, na gari la wagonjwa liwe nyuma yake, si mbele pamoja na kamera. Kama joto ni kali, mbio zianze mapema ili kundi la mwisho nalo lipate saa mbili za hewa ya baridi.

Majeraha tunayoyaona

Anayeanguka kutoka kwenye baiskeli hunyoosha mkono kwa silika ili kujikinga. Nguvu ya kishindo hupanda kutoka kiganjani hadi begani, na mtulinga ndio hukatika. Huu ni miongoni mwa mifupa inayovunjika mara nyingi zaidi katika mchezo huu. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono hufuata, pamoja na michubuko mipana ya mapaja na viwiko. Michubuko hiyo ioshwe kwa maji safi mengi, mchanga utolewe wote, na chanjo ya pepopunda ihakikiwe.

Hatari zaidi ni kichwa. Kofia ngumu ilifanywa lazima katika mbio za kulipwa mwaka 2003, baada ya kifo cha Andrey Kivilev wa Kazakhstan aliyeanguka katika mbio za Paris-Nice. Kofia hupunguza majeraha makubwa, lakini haizuii kila mtikisiko wa ubongo. Mtu aliyeanguka akawa hakumbuki yuko wapi, anaumwa kichwa, anaona ukungu au anatapika, asipande tena baiskeli siku hiyo hata akisema yuko sawa.

Kishindo hakiangalii uzoefu. Agosti 2022, Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, alifariki baada ya kuanguka akiwa kwenye kasi katika mbio za Vermont Overland nchini Marekani. Alikuwa mtaalamu aliyekomaa. Ikiwa hilo laweza kumpata mtu kama yeye, sisi wa ridhaa hatuna sababu ya kujitafutia kasi isiyo yetu. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne.

Kabla ya kujaza fomu

Andika muda halisi. Endesha peke yako kilomita 40 kwenye njia inayofanana na ya mbio, kisha utumie wastani huo. Usihesabu siku ambayo upepo ulikuwa mgongoni.

Jiulize kuhusu ujuzi, si kasi tu. Je, unaweza kunywa maji ukiwa unaendesha bila kuyumba? Unaweza kutazama nyuma na bado ukashika mstari? Kama bado, omba kundi la nyuma hata kama miguu yako ni mizuri, na ufanye mazoezi na watu wanne au watano kwanza.

Pima afya. Kama una zaidi ya miaka 40 na ndiyo kwanza unaanza, au una presha, kisukari, maumivu ya kifua wakati wa kazi nzito, au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana, muone daktari kabla hujalipa kiingilio. Kama umekuwa na homa wiki hiyo, usishindane. Maambukizi yanaweza kugusa misuli ya moyo, na juhudi kubwa huuongezea hatari.

Siku ya mbio, tumia kipimo cha maneno. Dakika kumi baada ya kuanza, jaribu kusema sentensi moja kamili. Ukishindwa, kundi hilo si lako leo. Usifunge breki. Acha kukanyaga taratibu, inua mkono, sogea kushoto hatua kwa hatua, na uwaache wapite kulia. Nyuma kuna kundi jingine linakuja, na huenda humo ukawapata wenzako halisi.

Mwenzako akidondoka bila kugongwa, haitikii na hapumui kawaida, chukulia kwamba moyo umesimama. Ita msaada, kisha bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Dakika za kwanza ziko mikononi mwa aliye karibu naye, na katika mbio hizi huyo ni wewe.

Na kwa mwandaaji anayesoma safu hii: kabla ya kutafuta mdhamini wa fulana, jibu maswali manne. Kundi lako kubwa lina watu wangapi? Umewapanga kwa ushahidi gani? Wanawake wanaanza lini? Mtu wa mwisho atapata maji na tabibu saa ngapi? Mshiriki naye anayo haki ya kuuliza hayo kabla ya kulipa. Usipopata majibu, baiskeli yako itakuwepo hata wiki ijayo, na barabara ya asubuhi haina kiingilio.